Aya Moja Tu

Jumatatu, 3 Juni 2002

Ng'ombe amekamuliwa. Maharage yamepigwa nusu. Nusu nyingine iko juani, ingawa jua lenyewe halijaonekana tangu Ijumaa. Ukungu wa leo ungeweza kuukata kwa panga ukaukaanga. Goti linauma, lile lililopigwa na nyati.

Leo msaragambo. Mtaro wa maji kutoka chemchemi ya msituni. Kila Jumatatu kila nyumba inatoa mtu na jembe. Sikwenda. Goti. Halafu mtu aliyemtazama nyati usoni mpaka nyati akaona haya, huyo si wa kuinamishwa kwenye mtaro. Hilo la haya nimeliandika hapa tu. Mke wangu, Mama Fausta, nimemwambia goti.

Saa tatu Silvestri kapita na sururu begani. Kasimama uani, kavua kofia, kauliza kwa upole wake kama yule mtu wangu wa Arusha amesema lolote. Nikasema mambo yako jikoni, yanaiva. Akashukuru. Akaenda kuchimba.

Nimekaa na chai mpaka ikapoa.

Jumanne, 4 Juni

Niandike habari ya Silvestri ilivyo, maana kichwa changu kina mambo mengi makubwa na haya madogo yanaweza kudondoka.

Alikuja miaka minane iliyopita kutoka Burundi. Kwa miguu, kwa malori, kwa huruma za watu. Mgongoni mtoto wa kike, Koleta, amefungwa kwa kanga ya mama yake. Mama mwenyewe hakufika. Ni fundi wa matofali. Mwezi wa nne ofisa wa uhamiaji alipita kwenye kata, mtu mstaarabu tu, akawapa wasio na karatasi fomu. Irudi Arusha kabla ya tarehe 18 mwezi huu, na neno la watu anaoishi nao. Asiyerudisha, ajiandae kuondoka.

Silvestri akaniletea mimi ile fomu, kwa sababu kila mtu hapa anajua nina mtu Arusha. Wanajua kwa kuwa nimewaambia. Nikasema niachie mimi. Iko chini ya godoro tangu siku hiyo.

Sasa mtu wangu ni nani? Zamani nikipika kwenye kempu za watalii kule kreta, bwana mmoja alikunywa supu yangu bakuli mbili, akasema yeye ni mtumishi wa serikali na supu ni nzuri. Jina sikuuliza. Kwa hiyo mtu ninaye. Ila sijui ni nani.

Emiliana, mtoto wa dada yangu, amefika na basi la mchana. Yuko Chuo Kikuu, Dar. Amekuja na vitabu vingi kuliko nguo. Damu yetu hiyo.

Jumatano, 5 Juni

Kitabu cha Emiliana ni kinene kama tofali la Silvestri. Tukichambua maharage nikamuuliza kinasema nini.

Eti wako wenye hekima wanaosema binadamu kwanza ni mtu peke yake, haki zake ziko mfukoni, halafu ndipo anaamua kuishi na wenzake. Na wako wanaobisha. Hao wanasema mtu peke yake hayupo. Unazaliwa tayari ni mtoto wa fulani, jirani wa fulani, na haki zako zimefungwa pamoja na wajibu kama ng'ombe na kamba yake. Emiliana anaandika juu ya hao wabishi. Anataka kujua wakipewa shida za leo, kama hii ya wageni wanaohamia, wangeamuaje.

Nikamwambia huo ni Ujamaa umevaa suti. Akacheka mpaka maharage yakamwagika. Akasema ni binamu tu, maana hii inaanza kwa watu wenyewe kabla ya serikali. Nikasema mimi nilijua hayo darasa la nne, kabla sijaacha shule kwa kuwa mwalimu aliishiwa. Aliishiwa kweli. Alinitamkia mwenyewe: Damiani, nimeishiwa. Labda alimaanisha uvumilivu.

Alhamisi, 6 Juni

Silvestri kaleta viazi. Debe zima. Hakuuliza chochote. Afadhali angeuliza.

Akiondoka nikaitoa fomu chini ya godoro. Panya amekula kona moja, lakini maneno hakuyagusa. Panya wa Karatu wana adabu. Nikasoma swali moja baada ya jingine. Jina, mwaka, njia aliyoingilia, kazi. Hayo Silvestri ameshajaza, mwandiko kama wa padri. Lililobaki wazi ni la tisa. Nalinakili herufi kwa herufi: Eleza kwa aya moja uhusiano wa mwombaji na jamii anamoishi.

Nilisoma mara tatu. Nikasimama, goti likasahau kuuma. Kumbe serikali imejifunza Kiiraqw.

Maana kwetu aya ni nchi. Si ile ya bendera na wimbo. Ni kilima na mto wake na njia za ng'ombe, na watu wote wanaozikana hapo. Ukihamia kilima kingine umehama aya. Tena aya hairithiwi kama ng'ombe wa baba. Mtu wa ukoo wowote alikuja, akaonyeshwa mahali, akalima, akachimba na wenzake, akasimama nao wakiomba mvua, akawa wa pale. Ndivyo tulivyofika Karatu sisi wenyewe kutoka Mbulu. Sasa serikali inasema aya moja ieleze. Aya nzima. Mwenyekiti peke yake hatoshi. Na yule wa supu hatakiwi kabisa. Nimefurahi kama niliyefutiwa dhambi.

Nikamuuliza Emiliana kwa ujanja, bila kutaja fomu. Serikali ikitaka aya moja, niongeze ya pili kwa heshima?

Akasema, "Hapana, Mjomba. Wakisema aya moja ni aya moja tu. Ukizidisha hawakusikilizi."

Msomi yule. Nilikuwa nimeshafikiria kuwaita na watu wa Mbulu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Gwandu, mwenyekiti wa kitongoji. Nikamweleza amri: aya nzima ikutane, imweleze Silvestri. Akanitazama juu ya miwani. Akasema serikali imemwita kwa majina mengi, lakini kuiita aya kwa jina lake hajapata kusikia. Nikasema dunia inabadilika, Mzee. Akakubali. Ijumaa tarehe 14, darasani, maana nje baridi.

Nikapita dukani kwa Mangi kuchukua chumvi. Jina lake Eligi, kwao Kilimanjaro, lakini mwenye duka hapa haitwi jina, anaitwa Mangi. Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Anapinga. Amesema wazi, tena mbele ya wateja. Dawati la watu watatu sasa linakaliwa na watano. Mashamba yamekatwa mpaka yamekuwa mikanda ya suruali. Leo Silvestri, kesho lori. Sheria ni sheria.

Nikamwambia mimi nimepambana na faru, sitashindwa na muuza chumvi. Akauliza lile goti lilipigwa na faru au nyati, maana wiki iliyopita alikuwa nyati. Nikasema walikuwa wawili.

Jumapili, 9 Juni

Misa. Padri kahubiri juu ya mgeni na mlango. Nusu ya kanisa ikamgeukia Silvestri, nusu ikamgeukia Mangi. Mangi akaangalia dari.

Nje watu wakaanza. Wengine upande huu, wengine ule. Mama mmoja akasema yeye hana shida na Silvestri, ila wakija ndugu zake? Hakuna aliyemjibu vizuri. Mimi nilijibu, lakini jibu langu lilihusu simba.

Nyumbani nikamwambia Emiliana kitabu chake kimekuja wakati wake, kitatusaidia kumnyamazisha Mangi. Akaniharibia siku. Amesema kitabu hakina upande. Wale wabishi wake wanasema watu wanaoishi pamoja wana haki ya kuuliza nani anaingia. Nyumba isiyo na mlango si nyumba, ni njia. Mangi hajakosea kuuliza.

Nikavuta ungo nikapepeta maharage. Mara chache.

Halafu akaongeza kwamba hao hao wanasema huwezi kumtumikisha mtu nyumbani miaka yote, jioni ukamwambia alale nje. Kwa hiyo swali si kazaliwa wapi. Swali ni kama tumeshakuwa wamoja naye au bado, na hilo mtu mmoja hawezi kulijibu.

Nikasema ndiyo maana serikali inataka aya. Akasema, eh, aya nzuri itasaidia. Tunaelewana sana mimi na huyu mtoto.

Jumanne, 11 Juni

Silvestri ameacha kufyatua matofali. Tanuri limepoa. Amempa jirani kalibu yake ya kufyatulia, eti amtunzie. Mtu hampi mwenzake kalibu ya kutunza kama anategemea Jumatatu ijayo.

Koleta amekuja kuomba moto. Ana miaka tisa. Amemuuliza Mama Fausta kama Burundi kuna ngwara, zile ndugu za maharage. Mama Fausta akasema zipo. Akauliza kama zinapikwa na magadi kama hapa. Mama Fausta akaingia ndani ghafla, moshi umemwingia machoni. Moto ulikuwa umeshazimika.

Jioni Mama Fausta akanikalia kooni. "Baba Fausta, huyo mtu wako wa Arusha anaitwa nani?"

Nikataja supu. Akanitazama vile anavyotazama debe lenye tundu.

Mimi ni mwongo. Naandika mara moja tu, nisizoee. Wiki saba huyu mtu ameegemea neno langu. Angeweza kwenda mwenyewe kwa Mzee Gwandu mwezi wa nne. Nilimzuia. Niachie mimi. Maneno mawili.

Ijumaa, 14 Juni

Niandike yote, hata yasiyonipendeza.

Darasa lilijaa. Watu wakakaa madirishani. Mzee Gwandu alikuja na daftari la msaragambo, lile la jalada jeusi. Silvestri akakaa karibu na mlango, kofia gotini, Koleta pembeni yake. Emiliana mbele, na kalamu, kwa ajili ya kuandika maneno ya watu.

Nikafungua mimi. Nilianza vizuri, na tembo mmoja tu. Mangi akaomba nafasi. Akasema yale yale ya madawati na mashamba, kwa adabu, bila matusi. Watu wengine wakatikisa vichwa wakikubali. Akauliza: tukisema huyu ni wetu, kipimo ni nini? Kwa sababu kipimo kikiwa huruma, dunia yote ina haki ya kuhurumiwa na kitongoji ni kidogo.

Mzee Gwandu akasema kipimo anacho. Akafungua daftari. Akasoma mahudhurio ya msaragambo tangu tulipoanza mtaro. Silvestri: yupo, yupo, yupo. Alisoma mpaka akachoka, hakuna pengo. Siku Koleta alipolazwa alichimba asubuhi, hospitali akaenda mchana. Na darasa hili tulimokaa, matofali ni yake, hakudai hata ndoo ya maji.

Mangi hakuchelewa. Akasema vizuri, kipimo kimepatikana, basi kipimie wote. Soma jina la Mjomba.

Hapa kitongojini wote wananiita Mjomba, hata wazee kuliko mimi. Mzee Gwandu akapangusa miwani. Alikuwa ananihurumia. Akasoma. Mwaka mzima nimehudhuria mara mbili. Mtu akapaza sauti kutoka dirishani kwamba moja kati ya hizo nilikuja kula makande.

Mangi akasema, "Basi fomu imeandikwa jina lisilo lake. Anayetakiwa kurudi kwao ni Mjomba."

"Kwao wapi?" akauliza Mzee Gwandu.

"Kwa nyati."

Darasa likavunjika mbavu. Mama Fausta naye alicheka, nilimwona. Hata mimi ningecheka kama ingekuwa ya mwingine. Nikasimama nijibu. Nilikuwa na jibu zuri, la chui. Nikamwona Koleta. Yeye peke yake hakucheka. Alikuwa ananisubiri, kama mtu anayejua kwamba mimi ndiye mwenye mtu Arusha.

Jibu la chui likanipotea.

Nikasema, "Sina mtu Arusha."

Nikaendelea maana kusimama hapo bila kusema ni vibaya zaidi. Kwamba fomu ilikaa chini ya godoro langu wiki saba. Kwamba goti sikupigwa na nyati wala faru, nilidondoka kwenye trela la mahindi, tena trela limesimama. Na kwamba mama yangu alipofariki, mvua ya mwezi wa nne, kaburi alichimba Silvestri, amezama matope mpaka mapajani, na mimi wakati huo nilikuwa uani nawasimulia waliokuja kuhani habari za simba.

Nikamgeukia Silvestri. Yeye ndiye aliyesema.

"Nilijua, Mjomba. Tangu mwezi wa tano nilijua."

Nikamuuliza sasa kwa nini kila Jumatatu alikuwa anapita kuniuliza.

"Ningeacha kupita, ungeona haya kunisalimia. Ningepata wapi jirani mwingine?"

Nilijikuta nimekaa.

Baada ya hapo watu walisimama wenyewe. Huyu, alizibiwa paa. Yule, mtoto wake alibebwa mpaka zahanati. Mama wa swali la ndugu akasema swali lake bado liko palepale, lakini wakija atawauliza wao, si Silvestri. Mangi alikuwa ameegemea ukuta, mkono juu ya tofali. Akaomba nafasi ya pili. Akasema alipokuja hapa kijana na begi moja na mizani ya kuazima, hakuna aliyemdai fomu, walimpa jembe siku ya tatu akaambiwa Jumatatu ni msaragambo. Akasema hajabadili neno lake, mlango lazima uwepo na yeye ataendelea kuulizia madawati. Ila huyu hayuko mlangoni. Yuko ndani, na ukuta kajenga yeye. "Andikeni. Lakini iwe kweli tupu. Mjomba asishike kalamu."

Hilo lilipita bila kupingwa.

Emiliana akaiomba fomu. Mara ya kwanza kuiona. Akasoma swali la tisa, akasoma tena, akaniangalia. Akaweka kichwa juu ya dawati, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka hana pumzi. Akaniuliza kama nimewaita watu wote hawa kwa sababu ya hili neno. Nikasema ndiyo, si imeandikwa, aya moja ieleze. Akasema, "Mjomba, hii ni aya ya Kiswahili. Mistari. Mistari mitano au sita, basi."

Kama aya za Biblia. Kumbe.

Kicheko hicho nadhani walikisikia hata Wasso, mbali kule. Mzee Gwandu alivua miwani akajifuta macho. Kisha akanyoosha mkono watu wakatulia. Akasema wamekuja, wamesema, na maneno hayarudi mdomoni. Emiliana aandike aya ya Kiswahili mbele. Nyuma tuweke aya yetu. Kila mtu akapita mezani na kidole gumba. Wino ulipokwisha, Mangi akatuma dukani kwake kuletwa mwingine. Hakudai.

Adhabu yangu: fomu naipeleka mimi, kwa nauli yangu. Na kila Jumatatu niko mtaroni.

Jumamosi, 15 Juni

Kidole bado cha bluu. Nimejaribu majivu, nimejaribu limau. Nimeacha.

Jumatatu, 17 Juni

Arusha. Nimeondoka alfajiri na basi, bahasha nimeikumbatia kama mtoto.

Ofisa alikuwa kijana, mwenye haraka lakini si mkali. Akasoma mistari sita ya Emiliana. Akatikisa kichwa kidogo. Akageuza karatasi. Akakutana na vidole. Akageuza ya pili, vidole. Ya tatu, vidole. Akaniuliza hawa wote ni nani.

Nikasema, "Ni aya moja."

Hakuelewa. Nikamfafanulia, kwa kifupi, bila mnyama hata mmoja. Akaweka kalamu chini akasikiliza. Akacheka taratibu, akamwita mwenzake wa meza ya pili, nikarudia.

Akaniuliza mimi ni nani wake Silvestri. Hapo ndipo niliposhikwa. Ilinijia kusema ni kaka. Ilinijia kusema niliwahi kumwokoa. Ilinijia na supu, maana huenda mtumishi yule yupo jengo hilohilo. Maneno yote yalipanga foleni mdomoni, yamevaa vizuri.

Nikasema, "Jirani."

Akaandika. Akagonga muhuri wa kupokelewa. Akasema majibu yatakuja, hawezi kuahidi.

Jumatatu, 24 Juni

Msaragambo. Nimekwenda. Mgongo una maoni yake. Silvestri kanionyesha namna ya kushika sururu, nikamwambia najua. Sikujua.

Jibu bado.

Jumatatu, 1 Julai

Msaragambo. Malengelenge mawili, moja kubwa kama yai la kanga. La kuku. La njiwa.

Jibu bado. Koleta ameacha kuuliza habari za ngwara. Silvestri hajarudishiwa kalibu.

Alhamisi, 4 Julai

Emiliana ameondoka. Amenisomea alichoandika kwa ajili ya mwalimu wake. Mna mtu humo anayeitwa Bwana D. aliyekosea neno moja akapata jibu sahihi. Nikamwambia amwandike kwa jina kamili na aongeze urefu. Akasema urefu gani, wa aya? Nikasema wa mtu, mimi ni mrefu.

Mangi alimsindikiza kituoni na mkate. Akamwambia aandike kwamba Mangi alipinga vizuri. Ameahidi.

Jumatano, 10 Julai

Imekuja. Mzee Gwandu kaja nayo mwenyewe, kwa miguu, hakutaka kumtuma mtu. Kibali cha kukaa miaka miwili, kisha aombe tena. Silvestri na Koleta, majina yote mawili.

Silvestri akasoma amesimama. Akasoma ameketi. Akaikunja akaiweka ndani ya kofia. Akasema anakwenda kuchukua kalibu yake, akaenda, karibu mbio.

Mama Fausta kachinja kuku. Mangi kaja na sukari na swali: baada ya miaka miwili itakuwaje? Nikasema baada ya miaka miwili vidole vitakuwa vimeongezeka, na ukitaka nitamleta na nyati aweke kwato. Akasema nyati huyo au faru? Tukala.

Nina furaha. Naiandika hivyohivyo.

Jumatatu, 15 Julai

Ng'ombe amekamuliwa. Ukungu. Nimemeza chai ikiwa ya moto.

Mtaro umefika chini ya shule. Maji yataonekana mwezi ujao kama mabomba yatawahi. Mzee Gwandu amesema macho yake hayaoni tena mistari ya daftari. Amempa Silvestri alishike, maana ana mwandiko.

Tukasimama na majembe kwenye baridi. Silvestri akavaa miwani ya Mzee, ikamshuka puani. Akaanza kuita. Mangi, siku hizi anakuja mwenyewe, akasema yupo. Wengine wakafuata. Nilikuwa karibu na mwisho. Hakuniita Mjomba. Aliita lililoandikwa.

"Damiani Sulle."

Nikasema nipo.

Akaandika.